Kulala kambi za RV za kasino njia ya I-5 na sisi hatuchezi kamari, inafaa?

safari_ya_watano

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa 7 tunataka kutoka Seattle kushuka Los Angeles kwa motohomu ya kukodi (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani), ya futi 30, tupo watano, mimi na mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 6) na mama mkwe. Hatujawahi kuendesha kitu kikubwa hivyo hata siku moja. Sasa kila nikitafuta pa kulala karibu na I-5, barabara kuu ya kutoka Seattle kushuka Los Angeles, naletewa kambi za RV (magari ya kulala kama hilo) za kasino, na nikiangalia picha ni safi kuliko nyingi nilizoziona. Shida ni kwamba nyumbani kwetu kamari haichezwi kabisa, na mama mkwe akisikia tu neno kasino anasema yeye bora akalale kituo cha mafuta. Naomba waliowahi kulala huko waniambie, hivi lazima ucheze ndo upewe nafasi? Watoto wanaruhusiwa? Usiku pakoje, kuna walevi, kuna kelele? Na hii habari kwamba unaweza kulala bure kwenye paking yao ni kweli au ni mambo ya zamani?

mzee_wa_lami

Karibu dada. Mimi na mke wangu tuko barabarani mwaka wa nane huu, hizo kambi tumelala nyingi mno na hatujawahi kuweka hata dola moja kwenye mashine. Hakuna anayekulazimisha na hakuna anayekuuliza. Unalipia kiwanja chako kama unavyolipia chumba cha hoteli, basi.

Ujue kasino nyingi za njia hiyo ni za makabila ya Wenyeji wa Marekani, zipo kwenye ardhi yao, na sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyoweka utaratibu wa biashara hiyo nchi nzima. Ardhi zenyewe mara nyingi ziko mbali na miji mikubwa kwahiyo msafiri anayepita na gari lake la kulala ni mteja muhimu kwao, hata asipocheza atakula, atajaza mafuta, ataogelea. Ndo maana wanazitunza. Viwanja vya zege vilivyonyooka, taa, walinzi wanazunguka usiku kucha. Kwangu mimi hilo la walinzi linazidi yote, kuna kambi za kawaida ukifika saa nne usiku humkuti mtu hata wa kumuuliza bomba liko wapi.

Ila usichanganye vitu viwili. Kuna kambi yenyewe, ina umeme, maji na bomba la maji taka kwenye kila kiwanja, hiyo unabuku na kulipa. Halafu kuna paking ya kasino, pale unaegesha tu kwenye lami usiku mmoja bila umeme wala maji. Hiyo ya pili sehemu nyingine ni bure kweli, nyingine wanatoza kidogo, nyingine hawataki kabisa siku hizi kwa sababu watu walizidisha, mtu anakaa wiki nzima kaanika nguo. Usiamini kitu ulichosoma cha miaka mitatu nyuma, piga simu uombe kuongea na walinzi maana wao ndo wanaokuja kugonga mlango usiku. Na ukiruhusiwa, egesha pale walipokuonyesha, usitoe viti nje, usifungue turubai la kivuli, jeki za kusawazisha gari usizishushe kwenye lami ya jua kali bila kuweka mbao chini maana zinazama na utakuwa umewaharibia. Asubuhi ondoka.

Kwa njia yenu mimi ningelala Canyonville, Oregon, kwenye kambi ya Seven Feathers, ni ya kabila la Cow Creek Umpqua na iko pale pale I-5. Toka Seattle ni kama maili 375, kwa mgeni wa motohomu na watoto hiyo ni siku ndefu, igaweni mara mbili. Raha ya kulala pale ni kwamba kesho yake mnaanza milima mkiwa hamjachoka, maana mkishapita mji wa Ashland mnapanda mlima wa Siskiyou, futi 4,310, ndo sehemu ya juu kuliko zote kwenye I-5 nzima, na kushuka upande wa California ni kwa gia ndogo, sio kwa kukanyaga breki njia nzima, tafadhali mwambie mume wako hilo mapema. Halafu Corning, California, kuna kambi ya kasino ya Rolling Hills, toka Canyonville ni kama maili 265.

dada_wa_betri

Mzee kasema vizuri ila mimi naomba niongezee umeme maana ndo unaowaliza watu, na nyie mnakwenda mwezi wa 7 jamani. Kuanzia Redding, kaskazini mwa California, kushuka hadi bonde lote la California ni joto, nyuzi 38 ni jambo la kawaida. Kulala bure kwenye lami ya paking kwa joto hilo na watoto na mzazi, hapana. Jenereta itabidi iungurume usiku kucha, inakula mafuta, majirani hawatalala, na sehemu nyingi hawaruhusu. Hapo lipieni kiwanja chenye umeme bila kujiuliza mara mbili.

Na muulizeni mwenye gari kabla hamjabuku, waya wake ni wa ampea 30 au 50? Tofauti sio ndogo kama inavyosikika. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 tu, AC moja ikiwa inafanya kazi inakula karibu nusu, ukiwasha na maikrowevu na heta ya maji ya umeme swichi inakata. Ampea 50 zenyewe zinakuja na waya mbili za umeme sio moja, kwahiyo unapata wati 12,000, AC mbili zinafanya kazi bila wasiwasi. Nunueni pia kile kifaa cha kulinda umeme kinachochomekwa kwanza kwenye nguzo ya umeme ya kiwanja, kile kinachosoma volti, sio cha bei ya chini kisichosoma. Jioni ya joto kila mtu kawasha AC volti zinashuka, sisi tulikuwa kambi moja zikafika 102, kifaa kikakata chenyewe. Tusingekuwa nacho mota ya AC ingeungua na tungelala jasho njia nzima.

Kingine kidogo, bomba la maji taka ya choo msiliache wazi muda wote mkiwa kiwanjani. Lifunge mpaka tenki lijae walau robo tatu ndo ufungue, maana ukiacha wazi maji yanatoka na uchafu unabaki. Hamna mtu anawaambia wageni hili.

safari_ya_watano

Shikamoo mzee, na dada asante sana, nimeyaandika yote. Gari ni ampea 30, AC moja, nimeuliza sasa hivi. Kwahiyo paking ya bure tumeifuta. Kwa usalama wa watoto mmenituliza kiasi, ila bado mama mkwe. Anasema hata kama hatuchezi tunampa hela mwenye kamari. Sijui nimjibu nini na sitaki kumlazimisha mzazi.

niliwahi_huko

Dada mimi nitasema tofauti kidogo na naomba mnisamehe. Mama mkwe wako asipuuzwe. Mwaka juzi mimi na mume wangu tulikaa siku tatu kambi ya kasino kule Nevada, kambi nzuri, hata siilaumu. Tulipofika tukaambiwa tukichukua kadi ya uanachama tunapunguziwa bei ya kiwanja na tunawekewa dola chache za kuchezea bure. Tukachukua wote wawili, nani anakataa punguzo? Mume wangu hakuwa mchezaji kabisa, namjua miaka 14. Usiku wa kwanza akaenda kuzimaliza zile za bure. Usiku wa pili akaenda kuzirudisha zilizopotea. Wa tatu nikaamka saa nane kitanda kitupu, nikavaa nikaenda mguu, dakika tano tu kutoka mlango wa gari, nikamkuta kakaa macho mekundu na hela ya mafuta ya kurudi nyumbani imeisha. Hatukugombana, tulilia tu. Tumelipa deni la kadi ya benki miezi saba.

Sisemi itawatokea. Nasema umbali wa dakika tano sio kitu kidogo kwa mtu aliyechoka na hana usingizi, na kama kwenye familia kuna hata mmoja mwenye historia ya kamari basi mkalale kambi za mbuga za jimbo, hata kama choo ni cha mbali. Kama mnaenda, msichukue ile kadi. Punguzo la dola chache liacheni.

mzee_wa_lami

Marahaba mwanangu. Na wewe dada wa Nevada pole sana, asante kwa kusema, sisi tunaopita bila kucheza tunasahau kwamba jirani anaweza kuwa anapambana. La kadi naliunga mkono, mke wangu alikataa toka mwaka wa kwanza na nilimwona mkali, kumbe aliona mbali.

Kuhusu mama mkwe. Sitamjibia swali la hela inakwenda kwa nani, hilo ni la dhamiri yake na ana haki nalo. Ila mwelezeni kitu kimoja cha kweli, pale Canyonville kambi iko upande mmoja wa I-5 na kasino ng'ambo ya pili, anayetaka kwenda kuna gari la kumpeleka. Mtu anaweza kulala, kuoga, kupika na kuondoka bila kupita hata karibu na mashine. Corning mpigieni simu muombe kiwanja cha mbali na jengo. Akikataa bado, basi kataeni pamoja naye, kwenye njia hiyo kuna kambi za kawaida pia, Redding ziko kadhaa, cha msingi ziwe na umeme.

safari_ya_watano

Nimemsomea mama mkwe mpaka ya dada wa Nevada, ametulia kimya muda mrefu halafu akauliza bwawa la kuogelea la watoto huko kambini lina kina gani. Tumekubaliana Canyonville usiku mmoja, kadi hatuchukui, California tunalala kambi ya kawaida Redding. Nimewapigia Canyonville leo, wamenipa kiwanja cha ampea 30 chenye mti. Mume wangu ameanza kusoma habari za kushuka mlima kwa gia.