Ulinganisho: kadi mpya, VLAN, OpenWrt au mashine nyingine kwa ruta ya Core 2 Duo?

Msimamizi_Hosteli

Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia hosteli ya wanafunzi yenye vyumba 24 hapa Morogoro. Ruta yetu ni kompyuta ya mezani ya zamani, yenye prosesa ya Core 2 Duo E8400 na RAM ya GB 4, ambayo nimeiwekea pfSense, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta. Mwezi uliopita tulihama kutoka kifurushi cha Mbps 100 kwenda cha Mbps 500 kwa faiba, lakini tangu siku hiyo sijapata zaidi ya Mbps 290, hata nikipima saa tisa usiku wanafunzi wakiwa wamelala. Laptopu ikichomekwa moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba na kuingia kwa PPPoE (njia ya kuingia kwa jina na nywila, inayofunga kila pakiti ya data ndani ya kifungashio) inafikisha 490, kwa hiyo tatizo liko kwangu. Niongeze kwamba porti ya mtandao ya kwenye bodi kuu iliungua kwa radi wakati wa masika, ndiyo sababu ninatumia kadi mbili za gigabiti kwenye sloti nyeupe za PCI.

Ninapima njia nne: kununua kadi ya PCI Express yenye porti mbili, kubaki na kadi moja na kutenganisha mitandao kwa VLAN (mitandao kadhaa kwenye waya mmoja) kwenye swichi inayokubali mipangilio, kuacha pfSense na kuhamia OpenWrt, programu nyingine ya ruta iliyojengwa juu ya Linux, au kuistaafisha mashine hii na kununua kompyuta ndogo ya kisasa. Bajeti haitoshi kwa majaribio mawili, hivyo naomba hoja, si upenzi wa programu.

FundiSloti

Ndugu Msimamizi, jibu umelitaja mwenyewe, nalo ni hizo sloti nyeupe. PCI ya biti 32 inayokwenda kwa MHz 33 hupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, yaani megabiti 1,064 hivi, na kiasi hicho si cha kila sloti bali ni cha sloti zote kwa pamoja, tena kwa zamu: kinapoingia kitu, kingine hakitoki. Sasa ifuate pakiti moja ya filamu anayoitazama mwanafunzi. Inatoka kadi ya nje hadi kwenye RAM, prosesa inasoma anwani na kuibadilisha, kisha inatoka RAM hadi kadi ya ndani; imepita barabara ile ile mara mbili. Gawanya 1,064 kwa mbili ubaki na 532 za kwenye karatasi, halafu utoe muda ambao kadi hupoteza zikipokezana zamu. Hizo 290 zako hazinishangazi hata kidogo.

PCI Express ya kizazi cha kwanza, hata kwenye sloti fupi ya x1, ina megabaiti 250 kwa sekunde kwa kila upande, na kinachoingia hakigombani na kinachotoka. Ningetafuta kadi ya Intel iliyotumika, PRO/1000 PT yenye porti mbili au I350-T2. Zote ni za x4, kwa hiyo zitakaa kwenye sloti ndefu ya kadi ya picha. Hakikisha kwanza kwamba bodi yako inakubali kadi ya aina nyingine hapo, kwa kuwa baadhi ya bodi za zamani hukataa. Kama kasha ni jembamba, dai pia bati fupi la kufungia kadi. Mimi niliwahi kurudisha Kariakoo kadi nzima kabisa, kwa sababu tu bati lake lilizidi kasha kwa upana wa vidole vitatu.

Nyaya_za_Tanga

Kwa kawaida mimi ni mtetezi wa VLAN. Gigabiti huenda pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo porti moja nzuri inatosha kupokea 500 kutoka nje na kuzisukuma 500 hizo hizo ndani. Lakini hapa porti ya bodi imekufa, na kadi iliyobaki ni ya PCI. Pakiti zitapita barabara ile ile mara mbili kama sasa. Ungelipia swichi na kubaki na 290 zako.

BintiSeva

Shikamoo FundiSloti, hoja ya sloti naikubali, ila kadi pekee huenda isimfikishe 500. Kadi nzuri hugawa pakiti kwenye foleni kadhaa kwa kusoma anwani za IP, ili kila kiini cha prosesa kipate mzigo wake. Ndani ya PPPoE anwani hizo zimefungwa, kadi haizioni, na kila kitu huangukia foleni moja na kiini kimoja. Linux ina njia ya kutazama ndani ya kifungashio hicho na kugawa kazi, na OpenWrt tangu toleo la 18.06 inaweza pia kupitisha mawasiliano yaliyokwisha kufunguliwa kwa njia ya mkato, ingawa njia hiyo haipatani na SQM, mpango wa kupanga foleni ili laini isichelewe ikijaa. Kwa hiyo OpenWrt si upenzi tu.

Hata hivyo ningenunua kadi kwanza, kwani programu haibadilishi sloti. Ukipima, weka laptopu mbili pande mbili za ruta na uendeshe iperf3, programu ya kupima kasi, baina yao. Ukiiendesha ndani ya ruta yenyewe, unaipa prosesa kazi mbili.

Nyaya_za_Tanga

Kuhusu njia ya nne: mashine yangu ya aina hiyo hula wati 60 hivi, ambazo kwa siku 30 ni uniti 43. Hesabu hiyo iweke kando ya bei ya kadi.

Msimamizi_Hosteli

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilipata PRO/1000 PT yenye bati fupi kwa shilingi 65,000, na bodi imeikubali. Laptopu kwa laptopu bila PPPoE, iperf3 inaonyesha Mbps 936, na mkono wangu ulitetemeka kidogo. Kwa PPPoE nilipata 410, kiini kimoja kikiwa asilimia 100 na cha pili kikipumzika, kama alivyosema BintiSeva.

BintiSeva

Kabla ya kuhamia OpenWrt, badilisha kigezo cha pfSense kiitwacho `net.isr.dispatch` kutoka `direct` kuwa `deferred`, ili kazi ya foleni hiyo iweze kupokelewa na viini vyote viwili. Zima pia programu za kuchunguza pakiti kama Suricata wakati wa kupima.

Msimamizi_Hosteli

Nimefanya yote mawili, na sasa ni 478. Ninabaki na pfSense. Hesabu ya umeme nimempelekea mwenye hosteli. Kadi mbili za PCI ziko kwenye droo, na mwenye laini ya Mbps 100 anayezihitaji aje azichukue bure.

FundiSloti

Nihifadhie moja. Na hiyo kebo iliyoleta radi, usiichomeke moja kwa moja kwenye kadi mpya. Tanguliza swichi ya bei rahisi.