Mrejesho: kile kisu cha Kariakoo kilichokuwa kinaponda nyanya

Wapendwa, nilinunua kisu kipya shilingi 15,000 nikauliza humu kama nimepigwa, maana nyanya kilikuwa kinaziponda. Mlisema nikijaribu kwanza kwenye karatasi. Karibu na mpini kilipita vizuri, katikati kikakwama na kuchana. Kumbe kilinolewa nusu nusu tu.

Nimekinoa kwenye jiwe lenye maji, nikikilaza nyuzi kama 20, hadi kidole kikahisi ukwaruzo mwembamba upande wa pili, ndipo nikageuza. Sasa nyanya inakatika bila kukandamiza! Siku ya nne hii, mchicha na vitunguu kila jioni, makali bado yapo.

Kinachoniuma ni mpini: chuma kimeishia katikati yake, na umeanza kucheza. Hilo ningeliangalia palepale dukani. Asanteni sana.