Tupeane uzoefu: Ulikwama hatua gani ulipojifunza kushona, na ulitokaje hapo?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu mafundi na wote mnaojifunza, salamu. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye cherehani, na kwa sasa ninafundisha wasichana wawili hapo ninapofanyia kazi. Juzi mmoja wao aliniuliza ni lini atashika mkasi, nami sikuwa na jibu la kumridhisha, ndiyo maana naomba kila mwenye uzoefu aeleze alipitia hatua zipi na ni ipi iliyomsumbua. Naanza mimi.

Wiki ya kwanza sikupewa uzi kabisa. Mama fundi aliyenifundisha alichomoa uzi kwenye sindano, akachana karatasi kutoka kwenye daftari la mistari, akaniagiza nikanyage cherehani ya miguu huku nikifuata mstari mmoja baada ya mwingine. Niliona ni mchezo wa watoto mpaka nilipokaa. Ukianza kukanyaga kabla hujalivuta gurudumu kwa mkono kuja upande wako, gurudumu huweza kuzunguka kinyume, na kama uzi umo, hukatika au hujisokota chini ya kitambaa. Siku ya nne niliinua karatasi dirishani nikaona mwanga unapenya kwenye vitundu vilivyokaa juu ya mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, na furaha ya siku ile naikumbuka hadi leo. Kisha akanichorea duara kwa mdomo wa kikombe, nikaanza upya kuharibu.

Baada ya karatasi nilipewa khanga za kupinda. Doti hununuliwa ikiwa haijakatwa, hivyo mafundi hupata khanga za kupinda karibu kila siku, na pindo zake ndefu zilizonyooka ni shule nzuri sana kwa mkono mgeni.

Nilikokwama ni kwenye kukata. Mteja alileta kitenge chake, kifua chake kilikuwa inchi 38, nami nikagawa kwa nne nikapata 9 na nusu, nikapima kutoka kwenye mkunjo na kukata hapohapo, bila kuacha nafasi ya mshono wala ya kupumulia. Gauni lilipokamilika halikupita kifuani. Mama fundi hakunifokea. Alifumua ubavuni, akaunga vipande kutoka kwenye mabaki, kisha kwa mwezi mzima kila kipimo kilichoingia nilikikata kwanza kwenye gazeti, nikamwonyesha, ndipo yeye akakate kitambaa. Gazeti ndilo lililonitoa.

Mchangiaji, Mbeya

Dada, ulipata mwalimu mwenye huruma, nami naomba nieleze upande wa pili kwa sababu vijana wengi wanaumia nao. Nilikaa kwa fundi mmoja sokoni miaka miwili nikipiga pasi, nikishona vifungo na kupinda suruali za wateja. Kila ilipofika zamu ya kupima na kukata, nilitumwa dukani kununua uzi. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya, kumbe alihofia nikishajua kukata nitaondoka na wateja wake.

Nilijifunza kwa kufumua. Nilinunua mtumbani suruali ya kitambaa iliyochakaa, nikafumua kila mshono kwa wembe, taratibu ili kitambaa kisichanike, nikavipiga pasi vipande vyote na kuvipanga sakafuni. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo miaka miwili ya kutazama mgongo wa fundi haikunionyesha: kipande cha nyuma ni kipana kuliko cha mbele, na mkato wake wa katikati ya mapaja ni mrefu na umeingia ndani zaidi, kwa kuwa mtu huketi na kuinama. Nilivichora vipande vile kwenye karatasi ngumu, nikavirudisha pamoja suruali ikawa suruali tena, ingawa zipu ilinitesa siku tatu. Niliifumua na kuishona tena mara nne.

Kwa hiyo simpingi anayesema mwanafunzi aanze na pindo. Ninachopinga ni hatua isiyo na mwisho. Mwambie binti huyo tangu leo kwamba akipinda khanga kadhaa mfululizo pasipo pindo kuyumba, anakwenda kwenye gazeti. Akijua anachosubiri, atakaza mkono.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi si wa cherehani. Nashona kwa mkono kofia za vito, yaani zile zenye maua ya vitundu, kazi niliyofunzwa na bibi. Hatua iliyonichelewesha ni kuvuta uzi kwa nguvu moja. Kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni, ukivuta sana hapa na kidogo pale, vitundu vinakuwa vya ukubwa tofauti na ua zima linapinda. Kofia moja nzuri huchukua miezi, kwa hiyo kosa la mwezi wa kwanza utalitazama hadi mwisho. Bibi alikuwa akinizuia kushona nikiwa na hasira au usingizi, na nilipoacha kumbishia ndipo mkono ulipotulia.

Mchangiaji, Nakuru

Nilikwenda kinyume na ninyi nyote. Nilinunua mashine ya umeme, nikajifunza kwa video, na wiki ya tatu nilikuwa nimeshona gauni na kulivaa kanisani. Nilijiona nimefika. Lakini kila nyuzi zilipojikusanya chini ya kitambaa, nilimwita fundi wa mashine na kumlipa, nikiamini bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, imeharibika. Alipokuja mara ya tatu alinionea huruma, akanionyesha kwamba fundo la chini mara nyingi husababishwa na uzi wa juu: haukupita sawasawa katikati ya visahani vinavyoubana, au niliupitisha nikiwa nimeshusha mguu wa kukandamiza kitambaa, wakati ambapo visahani vimeshafunga. Nilikuwa nimelipa mara tatu kwa jambo la sekunde kumi.

Nilirudi mwanzo kwa hiari yangu. Nilijifunza kutia uzi huku nikieleza kwa sauti kila mahali unapopita, nikajifunza kwamba kitambaa chepesi kinataka sindano namba 11, kitenge 14 na kitambaa cha jinzi 16, nikaacha kukivuta kitambaa kwa nyuma, jambo lililokuwa likinivunjia sindano. Baadaye nilipambana na mkono wa gauni. Sehemu ya juu ya mkono hukatwa ikiwa ndefu kidogo kuliko tundu la kwapa, na ziada ile haipunguzwi kwa mkasi kama nilivyokuwa nikifanya, bali hugawanywa kidogokidogo kwa pini na vidole hadi iingie bila mikunjo. Nilishona mikono kumi na miwili ya kitambaa cha majaribio, yote ya kushoto, kabla sijagusa cha mteja.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nawashukuru sana. Kaka wa Mbeya, maneno yako yalinigusa, kwa kuwa nilikuwa karibu kuwa fundi wa aina hiyo bila kukusudia. Jana nilimpa binti gazeti, futikamba na chaki, nikamwambia ajipime mwenyewe. Kifua chake ni inchi 34. Aligawa, akapata 8 na nusu, akaweka alama, akainua mkasi, kisha akaushusha na kuniuliza, "Mama, na nafasi ya mshono?" Nikamwambia aongeze inchi moja na nusu, akate.