Kuhamisha deni la kadi kwenda kadi isiyo na riba Uingereza: miezi 12 bila ada au miezi 24 yenye ada?

Mgosi_Leicester

Wanajukwaa, habari za majukumu.

Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wenzangu wanaoishi huku Uingereza. Nina kadi mbili za mkopo za benki mbili tofauti. Moja ina deni la pauni 2,100 na nyingine pauni 900, na zote mbili hutozwa riba ya asilimia 24.9 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya deni hilo ni nauli ya kwenda Tanga msibani mwaka jana, na iliyobaki ni matengenezo ya gari ninalolitegemea kufika kazini zamu za usiku. Sijawahi kuchelewesha malipo hata mara moja, lakini nikisoma taarifa ya mwezi naona kwamba nikilipa pauni 100, pauni 56 hivi zinamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa pauni 44 tu.

Mfanyakazi mwenzangu amenieleza kwamba kuna kadi ambazo kampuni yake hulipa deni lako la kadi ya zamani, kisha wewe unailipa kampuni hiyo mpya bila riba kwa miezi kadhaa. Nimetafuta, nikapata mbili zinazonivutia: ya kwanza ni ya miezi 12 na haina ada ya kuhamisha deni, ya pili ni ya miezi 24 na ina ada ya asilimia 3, yaani pauni 90 kwa deni langu. Navutwa na ya miezi 24 kwa sababu inanipa nafasi ya kupumua, ila hizo pauni 90 zinanikwaza. Je, nichukue ipi, na ni masharti gani ambayo mtu huyagundua akiwa amekwisha kutia saini?

Binti_Kisauni

Pole sana kwa msiba, kaka.

Kabla ya kuzilinganisha kadi hizo, jiulize kwanza ni kiasi gani unaweza kulipa kila mwezi bila kugusa kodi ya nyumba wala fedha unazotuma nyumbani. Kiasi hicho ndicho kitakachokuchagulia kadi. Urefu wa muda unaotangazwa kwa herufi kubwa huwavutia watu wengi, lakini muda mrefu hununuliwa kwa ada, na mtu anayeweza kumaliza deni mapema huwa analipia miezi ambayo hataitumia.

Nimekaa na kikokotoo nikapiga hesabu ya pauni 3,000 zako, nikichukulia kwamba kipindi cha bure kikiisha utatozwa asilimia 24.9 ile ile.

Ukibaki na kadi ulizonazo na kulipa pauni 150 kwa mwezi, utamaliza baada ya miezi 26 hivi na utakuwa umelipa riba inayokaribia pauni 790. Kwa malipo hayo hayo, kadi ya miezi 24 itakugharimu ada ya pauni 90 peke yake, na deni la pauni 3,090 litakwisha mwezi wa 21. Kadi ya miezi 12 itakuacha na pauni 1,200 siku riba inapoanza, na kuzimaliza kutakuchukua miezi tisa mingine na riba ya pauni 110 hivi. Kwa hiyo kwa pauni 150 kadi yenye ada inashinda, lakini inashinda kwa pauni 20 tu.

Sasa panda hadi pauni 200 kwa mwezi. Kadi ya miezi 12 itakuacha na pauni 600 tu, ambazo zitaisha kwa miezi mitatu au minne na riba ya pauni 23 hivi, ilhali ile yenye ada imekwisha kukutoza pauni 90 tangu siku ya kwanza. Ukiweza pauni 250, kadi ya miezi 12 haikugharimu chochote. Kwa deni lako, mpaka kati ya kadi hizi mbili uko karibu na pauni 160 kwa mwezi: chini ya hapo chukua yenye ada, juu ya hapo chukua isiyo na ada.

Utaona kwamba tofauti ya kadi hizi mbili ni makumi ya pauni, na tofauti ya kuhama na kutohama ni mamia. Usikae miezi miwili ukichagua huku ukiendelea kulipa pauni 56 za riba kila mwezi.

Mgosi_Leicester

Ahsante sana, dada, sikutegemea hesabu ya kina namna hii. Uwezo wangu wa uhakika ni pauni 150. Nikipata saa za ziada nafika pauni 200 au hata 220, lakini saa hizo hazina uhakika, kwa kuwa katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ratiba hutoka kila baada ya wiki mbili na inategemea nani yuko likizo. Kuna swali jingine linalonisumbua: nikiomba kadi na kukataliwa, si nitakuwa nimejiharibia rekodi yangu ya mikopo?

Mzee_wa_Coventry

Mwanangu, usitume ombi lolote kabla ya kupima. Benki zenyewe na tovuti za kulinganisha kadi zina sehemu ya kukadiria uwezekano wako wa kukubaliwa. Upekuzi wa namna hiyo unauona wewe peke yako na hauathiri chochote, ilhali ombi kamili huacha alama ambayo wakopeshaji wengine wanaiona, na alama nyingi katika muda mfupi huwafanya wakudhanie kuwa umebanwa. Pima kwa kadi zote mbili, kisha tuma ombi moja tu.

Jambo la pili, tazama kama umo kwenye daftari la wapiga kura. Wengi wetu hudhani kwamba daftari hilo ni la Waingereza peke yao, na sivyo: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kwa kibali wana haki ya kujiandikisha, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanaoishi England hawamo katika haki hiyo, isipokuwa wawe na uraia wa nchi nyingine inayoruhusiwa. Wakopeshaji hulitumia daftari kuthibitisha jina na anwani yako, na mtu asiyeonekana humo anaweza kukwama ijapokuwa hajawahi kukosa malipo. Kujiandikisha ni bure na kunafanyika mtandaoni kwa dakika chache. Angalia pia rekodi yako kwa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, maana majina yetu huandikwa kwa namna nyingi, na mtu akiwa Athumani benki moja na Othman benki nyingine, mashine huona watu wawili.

La tatu, kwa kawaida deni halihamishiki ndani ya ukoo mmoja wa benki. Lloyds, Halifax, Bank of Scotland na MBNA ni za kundi moja, na vivyo hivyo HSBC, First Direct na M&S Bank. Kama kadi yako ya pauni 2,100 ni ya Halifax, kadi mpya ya MBNA haitakufaa hata iwe na masharti ya asali.

La nne ndilo linalowaumiza watu. Kikomo cha mkopo hukijui mpaka ukubaliwe, na mara nyingi huruhusiwi kukitumia chote kwa kuhamisha deni. Ukipewa kikomo cha pauni 2,000, basi utahamisha pungufu ya hapo, na ada nayo itahesabiwa ndani yake. Aidha, pale tangazo linaposema "hadi miezi 24", neno "hadi" lina kazi yake, kwani baadhi ya waombaji hupewa miezi pungufu. Hata riba inayotangazwa, sheria inataka angalau asilimia 51 tu ya wanaokubaliwa waipate, na waliobaki wanaweza kupewa ya juu zaidi.

Nyundo_ya_Chuma

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Kuhamisha deni hakulipunguzi hata senti moja, kunalibadilishia makazi tu. Nimewaona watu waliohamisha deni, wakafurahi kuona kadi ya zamani inasoma sifuri, na kabla ya mwaka kwisha wakawa na kadi mbili zilizojaa. Kwa mtu wa kipato chetu naona ni heri kwenda chama cha ushirika wa akiba na mikopo, maana riba yao ni ndogo na wanakufahamu kwa sura.

Halafu kuna jambo ambalo halijatajwa. Ndugu yetu akianza kutuma fedha Tanga kwa kutumia kadi hiyo mpya kupitia programu ya simu, kampuni nyingi za kadi hulihesabu tendo hilo kuwa ni kutoa fedha taslimu. Hapo anatozwa ada, na riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile, ilhali yeye anaamini kadi yake haina riba. Hiyo sifuri mara nyingi ni ya deni lililohamishwa peke yake.

Binti_Kisauni

Kuhusu kutuma fedha nakubaliana na kaka Nyundo neno kwa neno, na nashauri kadi mpya isitiwe kwenye programu yoyote ya simu, wala isiende dukani. Tangu mwaka 2011 kampuni za kadi hapa zinatakiwa kuelekeza malipo yako kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Ni utaratibu mzuri, lakini una maana kwamba ukinunua vitu vya pauni 200 kwa kadi hiyo, pauni 150 zako za mwezi zitaanza kulipa manunuzi hayo, na lile deni uliloliombea kadi litabaki karibu pale pale huku saa ya miezi 24 ikiendelea kwenda.

Kuhusu vyama vya ushirika, hata hivyo, tusiseme kwa ujumla. Sheria ya England, Scotland na Wales inaviruhusu kutoza hadi asilimia 3 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka hufika asilimia 42.6. Vingine hutoza kidogo sana, vingine hukaribia kiwango hicho, na kwa mikopo midogo riba mara nyingi huwa ya juu. Anayekataliwa kadi ana haki ya kuvijaribu, lakini aulize kwanza riba ya mwaka mzima, asiridhike na ukarimu wa mapokezi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchelewa kulipa, sioni sababu ya kukimbilia huko kabla ya kupima kadi.

Na iwapo kuna msomaji ambaye hata malipo ya chini kabisa ya mwezi yamemshinda, kadi mpya haimfai. Huyo aongee na StepChange au Citizens Advice, mashirika ya hisani yanayotoa ushauri wa madeni, ambao hawatozi chochote. Kwa England na Wales wanaweza pia kumwombea siku 60 za kusimamishiwa riba nyingi, ada na ufuatiliaji wa wadai wakati anapanga njia ya kulipa. Kampuni zinazopiga simu zikiahidi kufuta deni kwa malipo ziepukwe.

Mgosi_Leicester

Shikamoo mzee wa Coventry, na shukrani kwenu nyote.

Nimepima leo asubuhi baada ya kutoka zamu. Kadi ya miezi 24 inaonyesha uwezekano mkubwa na imenithibitishia muda wote wa miezi 24. Ile ya miezi 12 inaonyesha uwezekano mdogo. Kwenye daftari la wapiga kura sikuwemo, na nimekwisha kutuma maombi. Kwa kuwa uhakika wangu ni pauni 150, nakwenda na yenye ada, na saa za ziada zitakapopatikana nitaongeza.

Nimebakiwa na maswali mawili. Je, kadi mpya ikishakubaliwa niache kulipa zile za zamani? Na je, nizifunge?

Mzee_wa_Coventry

Marahaba, mwanangu.

Usiache kulipa kadi za zamani mpaka uone kwa macho yako kwamba fedha zimeingia huko, kwa sababu uhamisho unaweza kuchukua siku kadhaa, na tarehe ya malipo ikipita katikati utatozwa faini, ambayo kwa kawaida ni pauni 12, na rekodi yako safi itapata doa. Omba uhamisho ufanyike mapema, maana ofa nyingi zina siku 60 au 90 tu tangu akaunti kufunguliwa, na ukichelewa utahamisha kwa ada na riba nyingine kabisa. Siku hiyo hiyo weka utaratibu wa pauni 150 kukatwa zenyewe kwenye akaunti yako kila mwezi, siku mbili tatu baada ya mshahara. Usichague kulipa kiwango cha chini, kwani kiwango hicho hakitamaliza deni ndani ya miezi 24, na ukikosa malipo hata mara moja kampuni inaweza kukunyang'anya hiyo riba sifuri.

Kuhusu kufunga, subiri taarifa ya mwezi unaofuata. Kadi ya zamani ikishasoma sifuri, mara nyingi huja riba ndogo ya zile siku kati ya taarifa ya mwisho na siku deni lilipolipwa, pengine pauni 20 au 30 kwa deni kama lako. Watu huidharau kwa kudhani kadi imekwisha, kisha inaandikwa kuwa malipo yaliyochelewa. Ilipe, ngoja taarifa nyingine isome sifuri, halafu ifunge ile unayojua itakushawishi zaidi. Ya pili unaweza kuiacha wazi ukiwa na imani na nafsi yako, kwa kuwa kadi ya siku nyingi isiyo na deni huisaidia rekodi.

Mgosi_Leicester

Nimeelewa. Ya pauni 900 ndiyo iliyounganishwa na programu ya kutuma fedha nyumbani, kwa hiyo hiyo ndiyo itakayofungwa.