Nyumba ya kupangisha Ruaka au hisa za S&P 500? Naomba ushauri

MwanaRuaka: Wanajamvi, ninazo shilingi milioni 4.5 ila usingizi sina. Nimeelezwa kwamba nikinunua nyumba ya chumba kimoja cha kulala Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, wakala atashughulikia wapangaji nami nitapokea shilingi 30,000 kila mwezi bila jasho, ilhali rafiki yangu anashauri nizitie katika mfuko unaofuata faharisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Lipi bora?

MamaPloti: Mdogo wangu, jasho lipo. Maji yalipokatika kwangu, wapangaji walinipigia mimi usiku wa manane niagize bauza, kwa kuwa wakala alikuwa matangani Kisii na simu ameizima. Isitoshe, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huchukua asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba, bila kujali umetumia kiasi gani kwa mafundi.

Mwanahisa: Hisa nazo huumiza. Aliyenunua S&P 500 kileleni Oktoba 2007 alingoja hadi 2013 faharisi irudi pale. Tena kuna dola, iliyokuwa karibu shilingi 160 Januari 2024 na baada ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Hata hivyo, ukikwama unaweza kuuza sehemu ya hisa, lakini huwezi kuuza jiko la nyumba peke yake. Je, fedha hizo ni akiba yako?

MwanaRuaka: Milioni 1.5 ni akiba. Zilizosalia ni mkopo wa Sacco kwa riba ya asilimia 12, na wadhamini ni wenzangu kazini. Lakini ardhi haishuki bei, na malipo ya awali nimekwisha kuyatoa.

Mwanahisa: Basi riba ya mwaka wa kwanza itakaribia kumeza kodi yote ya mwaka. Kwa riba hiyo nisingekopa hata kununua hisa.

Mtumishi: Someni Mithali 22:7: akopaye ni mtumwa wake akopeshaye.

Ng'ombe_Tatu: Nunua ng'ombe. Soko likianguka, utakunywa maziwa.

Kachero: Akaunti ya MwanaRuaka imefunguliwa wiki hii, na hizo 30,000 ndizo zilizoandikwa kwenye bango la barabara ya Limuru. Hili ni tangazo lililovaa kilio.

MwanaRuaka: Ndugu, tangazo gani lingetaja madeni yake? Risiti ninayo.

MamaPloti: Mwacheni. Dada au kaka, jengo limefika ghorofa ya ngapi, na fedha anazishika wakili yupi?

MwanaRuaka: Msingi umechimbwa. Wakili ni wa kampuni inayojenga. Walisema nisiingie gharama ya kutafuta mwingine.