MJADALA: Kutunga lugha ya kuprogramu isiyosomeka makusudi, ni kupoteza muda?

Wakuu salama? Kuna hoja inarudi kila siku kwa wadau wa kompyuta, kwamba mtu anayetunga lugha ya kuprogramu yenye sintaksi (kanuni za uandishi) ya kufichaficha anachezea muda, na mwanachuo akiileta kama projekti ya mwaka wa mwisho arudishwe akatengeneze mfumo wa duka la dawa. Mi napinga kabisa, karibuni tubishane.

Chukueni lugha ya Brainfuck ya Urban Müller, 1993. Jamaa alikuwa anatafuta kompaila (programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine) ndogo kuliko zote kwenye kompyuta za Amiga na akaipata, haifiki hata baiti 300, sasa ili ienee humo ikabidi lugha nzima ibaki na alama 8 tu, ndo maana ukiiona unadhani kibodi imeharibika. Ila hebu isomeni hii taratibu:

++++++++[>++++++++<-]>+.

Kisanduku cha kwanza cha memori kinapewa 8, mabano yanaanzisha lupu (kurudiarudia), kila mzunguko unahamia kisanduku cha pili unaongeza 8, unarudi cha kwanza unapunguza 1, mpaka kiishe. Cha pili kina 64, unaongeza 1 inakuwa 65, nukta inachapa herufi A. Ukiufuata huo mstari kwa kalamu na karatasi unaelewa pointa (kinachoonyesha upo kisanduku gani) inafanya nini na kuzidisha kunatokaje kwenye kujumlisha, wakati kwenye lugha ya kawaida kama Python ungeandika tu print(chr(65)) ukapita. Na kwa hizo alama 8, ukipewa memori isiyo na kikomo, unaweza kukokotoa chochote ambacho kompyuta yoyote inakokotoa. Kwangu hilo ni somo zito sana.

Wapinzani nawaunga mkono sehemu moja. Kuna mtu anachukua Python, anabadilisha if na print kuwa alama za ajabu, halafu anatangaza katunga lugha, huyo arudishwe hata leo. Ugumu lazima uwe na kanuni nyuma yake. Lugha ya Malbolge ya Ben Olmstead, 1998, ilifanywa ngumu kwa kusudi, ila kanuni ipo: amri ikishatekelezwa inabadilishwa palepale, kwa hiyo ukirudi kwenye sehemu ileile unakuta amri nyingine. Programu ya kwanza ilipatikana 2000, na hakuna binadamu aliyekaa akaiandika, Andrew Cooke aliandika programu kwa lugha nyingine, Lisp, ikaenda kuitafuta! Yaani lugha iliyoitwa upuuzi ikazaa tatizo la kweli la algorithimu za utafutaji.

Kwa hiyo mwanafunzi aje na intapreta (programu inayosoma na kutekeleza lugha yake) inayofanya kazi, aeleze kila alama inafanya nini na kwa nini kaichagua, aandike programu mbili tatu kwa lugha yake mbele ya walimu, apewe maksi zake. Nyie mnaosema arudishwe, huo mfumo wa duka la dawa unamfundisha nini kuhusu kompaila?