Mji wa Kale tumefungiwa: nitembee wapi nusu saa?

Ami wa Kibokoni, 14 Mei 2020

Assalaam aleikum jamaa. Nina swali, na msinicheke.

Mie mtu wa miaka 58, nina sukari, mwaka wa sita huu. Daktari wangu aliniambia dawa ya kwanza ni miguu: nusu saa kila siku, mwendo wa mtu anayeogopa kuachwa na feri. Na nalikuwa na ndia yangu. Natoka Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, napita Ngomeni (Fort Jesus), nakwenda Mama Ngina mpaka kwenye mibuyu, naangalia meli zikiingia Kilindini, nanunua mihogo ya pilipili (hili daktari halijui), narudi.

Tangu Jumatano ile ya tarehe 6, kwa ajili ya korona, hatutoki wala hatuingii. Siku 15, wamesema. Kila ndia ya kutokea ina askari. Basi nimebaki na vichochoro vyetu, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mji wa Kale haukujengwa kwa mtu kutembea, ulijengwa kwa watu kusalimiana. Kutoka Ngomeni kwa Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale ni dakika kumi hivi, nazo ni za mtu asiyejuana na yeyote. Mie nazaliwa hapa. Kila mlango, "Ami, wenda wapi?" Ukijibu "natembea tu" wakutazama kama umepatwa na jambo. Hapa hakuna atembeaye tu! Mtu huenda mskitini, huenda sokoni, huenda mazikoni. Sasa misikiti imefungwa, soko limefungwa, mikahawa imefungwa, hata muuza kahawa chungu na deli lake simsikii akigonga vikombe. Sina la kusingizia. Jana nikaamua kuzunguka mtaa wetu tu. Raundi ya tatu, bibi mmoja dirishani akaniuliza kama nimepoteza funguo. Ya nne akamtuma mjukuu wake aje anisaidie kutafuta.

Na saa nazo hazinitoshi. Magharibi yaingia saa kumi na mbili na robo, kafyu saa moja. Hapo katikati nifungue kwa tende, nisali, nile, nitembee? Kwa hivyo nimekuwa nikitembea baada ya alasiri, kabla ya futari. Juzi pale karibu na Leven, lile jumba la kale, macho yakafanya giza, jasho la baridi likanitoka, nikakaa kwenye ngazi. Kijana aliyekuwa anakuja alivuta barakoa yake juu, akageuka alikotoka. Simlaumu. Lau ningekuwa mimi ningekimbia.

Nyinyi mwatembea vipi?

---

Nesi wa zamu, 14 Mei 2020

Ami, shikamoo. Kabla ya ndia, tuongee kuhusu hilo giza la macho.

Hiyo si uchovu, yaelekea sukari ilishuka. Alasiri una saa kumi na kitu hujala, na bado umemeza dawa, kisha waufanyisha mwili kazi. Usitembee tena saa hiyo, tafadhali. Mashine unayo nyumbani? Kujipima hakufunguzi saumu. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au ikipanda kupita 16.6, fungua hapo hapo, usingoje adhana. Na piga simu kliniki yako uulize dawa unayotumia mwezi huu umeze saa ngapi na kiasi gani, maana dawa nyingine hushusha sukari zaidi ya nyingine. Usijipangie mwenyewe.

Sasa kutembea. Kafyu yaisha saa kumi na moja alfajiri. Chelewesha daku, kula kitu cha maana (mbaazi, yai, si mahamri matupu na chai ya sukari), sali, kisha toka. Tumbo lina chakula, jua halijatoka, na huyo bibi wa dirishani labda bado amelala. Anza na robo saa, pole pole. Ukisikia kutetemeka au kizunguzungu, rudi.

Tende tatu mfukoni kila utokapo. Hata ukiwa umefunga. Hasa ukiwa umefunga.

---

Kaka wa Section Three, 15 Mei 2020

Mzee wangu, heshima zako, lakini hapa Isli, Nairobi, tumefungwa siku moja na nyinyi na sisi hatuna bahari ya kuangalia. Unalalamika na upepo unakupiga!

Mimi natembea kwa ngazi. Ploti yetu ina ghorofa sita. Napanda mara tano asubuhi kabla watu waamke, kwa sababu ukikutana na mtu kwa ngazi ile mmoja wenu lazima arudi chini, ni nyembamba hivyo. Siku ya kwanza keateka alidhani nakagua milango ya watu. Siku ya pili akaniuliza kama nimefukuzwa na mke. Sasa amezoea, ananiwekea maji ya kunawa pale chini.

Kitu kinanishangaza ni kimya. Mtaa huu ulikuwa haulali, saa nane usiku unasikia mikokoteni na makanga. Sasa maduka yamefungwa na nasikia jirani akikoroga chai.

---

Binti Sakafuni, 15 Mei 2020

Ami, mie niko Kuze, na nimetembea kila siku tangu tufungwe bila kuulizwa naenda wapi. Panda juu.

Nyumba yetu ina sakafu wazi juu, ya kuanikia nguo na ya kukimbilia joto. Ni hatua 14 kwenda, 14 kurudi, ukikwepa tangi la maji. Nashika tasbihi ya punje 33: kila nikienda na kurudi nasukuma punje moja. Tasbihi ikiisha nimefika hatua 924. Naisukuma mara tatu. Mama ananiambia nachanganya ibada na mazoezi, mie namwambia mdomo wangu unataja na miguu inakwenda, wapi nimekosea?

Tena huku juu si peke yangu. Sakafu ya pili kuna mzee anatembea na redio shingoni, ya tatu kuna watoto na tiara. Twapungiana mikono. Siku ile mvua ilipotushika sote tukaanua nguo kwa pamoja kila mtu kwake, tukicheka kama wenda wazimu. Majirani hawa nilikuwa siwajui hata sauti, nyuso zao nilizijua za chini tu, za ndiani.

Nyumba yako haina sakafu?

---

Ami wa Kibokoni, 18 Mei 2020

Nawashukuru nyote. Nesi, Mungu akulipe. Kliniki nimepiga, wamenibadilishia saa za dawa. Asubuhi ya leo baada ya daku mashine ilisoma 7.8, nikatoka saa kumi na moja na nusu, tende mfukoni.

Binti Sakafuni, yetu ni ya mabati. Nikitembea juu nitaingia chumbani kwa watu.

Alfajiri hii sijui niieleze vipi. Nimeishi Mji wa Kale miaka yote hii na sikuwahi kuuona mtupu. Mabaraza matupu. Paka tu, wale wembamba, wamekaa mlangoni kwa muuza samaki wakingoja mtu asiyekuja. Adhana ilishatoka msikiti wa Mandhry, ilishatoka Basheikh, na mlango umefungwa kwa kufuli. Mguu wataka kuingia wenyewe. Nilisimama pale kitambo, kisha nikakumbuka nimeambiwa nisisimame.

Bibi wa dirishani hakuwa amelala. Bibi huyo halali. Lakini nimemueleza yote, sukari na daktari, akasema, "Si ungesema tangu mwanzo?" Sasa amemteua mjukuu, mtoto wa miaka minane asiyekuwa na skuli ya kwenda, awe karani wangu. Anakaa ndani ya mlango na chaki, kila nikipita anachora mstari ukutani. Raundi sita ni nusu saa. Leo nilitaka kukimbilia nyumbani na tano, akanipigia kelele mtaa mzima ukasikia.

Kaka wa Isli, ngazi mara tano kwenye ghorofa sita? Heshima ni zako.

---

Mswahili wa Ruwi, 20 Mei 2020

Salamu kutoka Oman. Sisi wilaya ya Muttrah tulitangulia, tumefungwa tangu tarehe 1 Aprili, kisha Muscat yote ikafuata tarehe 10. Hapa mchana wa Mei haufai mtu wala ngamia. Natembea kwenye korido ya jengo usiku, mlango wangu mpaka lifti, na simu sikioni, mama yangu yuko Mombasa upande wa pili. Yeye anaongea, mie natembea. Akikata simu nami nakaa.

Ami, hiyo 7.8 ni nzuri.

---

Ami wa Kibokoni, 8 Juni 2020

Siku 15 zilizidi, kama mlivyosikia, na Idi tuliisali majumbani. Lakini jana Jumapili saa kumi alfajiri vizuizi vimeondoka, na kafyu imesogezwa hadi saa tatu usiku. Kaunti bado hatutoki, ila Mji wa Kale tuko huru.

Nilitoka kwa Nkrumah Road mpaka Treasury Square, moja kwa moja, bila kukata kona hata moja. Miguu ilishangaa. Nilikuwa nimezoea kugeuka kushoto kila baada ya dakika moja na nusu, kwa hivyo nikajikuta navutwa kushoto kila mara kama baiskeli mbovu.

Leo asubuhi nimeitwa na bibi wa dirishani. Ataka kujua nani atakayeufuta ukuta wake. Nikahesabu: mistari 119, kwa kuwa siku moja mvua ilinikatiza baada ya raundi ya tano na karani alikataa katakata kuniongeza. Nimechukua ndoo na kitambaa nikaanza. Nusu hivi nimefuta, mkono ukachoka, na mtoto akaniomba nisifute iliyobaki.